Mkuku Hutangulia Tanga



Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, juma hili safu yetu ya malezi yaelekea mahali ambapo huenda baadhi yenu msitarajie kuikuta. Mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, ametuletea suala. Mwanawe aliye kidato cha pili ana hamu kubwa ya michezo ya kompyuta. Si kuicheza tu, bali kuitunga mwenyewe. Katika muda wa mwaka mmoja ameanza michezo mitatu, na hakuna hata mmoja uliofika mwisho. Wa kwanza uliishia kwa picha ya mtu anayekimbia asiyekuwa na pa kwenda. Wa pili una jumba la fahari alilolichora kwa majuma mengi, ila ndani ya jumba hilo hamna la kufanya. Wa tatu ulimchosha, akaufuta. Sasa kijana asema kwamba ila ni ya kompyuta, ni kuukuu na dhaifu, na aomba anunuliwe nyingine. Baba yake, ambaye riziki yake hutoka baharini, amekata kauli kuwa hatatoa hata senti moja kwa upuuzi, na kwamba hata hiyo iliyopo afadhali iuzwe. Tangu hapo baba na mwana husalimiana tu. Mama ana akiba yake ya chama, aliyoikusudia karo ya muhula ujao. Atuuliza: je, jambo hili ni upuuzi kweli? Na je, akitoa fedha zile akanunua, atakuwa amemsaidia mwanawe au amemharibu?

Tumelipokea suala hili kwa uzito, kwa kuwa twaamini si la nyumba moja. Vijana wetu wengi leo wana simu na kompyuta mikononi, na walio wepesi wa akili miongoni mwao hawaridhiki kuwa watumiaji tu. Hamu hiyo ni neema. Lakini neema isipoandaliwa chombo cha kuichukua humwagika. Kwa maoni yetu, kijana huyu hakukosa mashine, wala hakukosa bidii. Amekosa kufundishwa jambo moja ambalo kila fundi wa kweli hulijua: kwamba kubuni ni kazi, na kujenga ni kazi nyingine, na ya kwanza haina budi kuitangulia ya pili.

Fundi na chombo chake

Anayefika Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, akawatazama mafundi wa majahazi, hatamwona hata mmoja akianza kwa kushona tanga. Kwanza hulazwa mkuku, kisha hufuata mataruma, kisha mbao za ubavuni, na mlingoti na tanga huja baadaye. Na hata kabla ya mkuku kulazwa, fundi na mwenye chombo wamekwisha kuulizana: chombo hiki ni cha kuchukua nini? Kitakwenda bahari gani, ya ndani ya mkondo au ya nje? Kitakuwa na mabaharia wangapi? Majibu ya maswali hayo ndiyo yaamuayo urefu wa mkuku.

Atasema mtu: lakini mafundi wale hawachori katika karatasi. Ni kweli, wengi wao hawachori. Mchoro wao umo kichwani, uliowekwa humo na miaka mingi ya kushika zana chini ya mwalimu. Kijana wa kidato cha pili hana hazina hiyo. Hajapata kumaliza mchezo hata mmoja, basi kichwani mwake mna tamaa ya mchezo, wala hamna mchezo wenyewe. Kwa hiyo yeye yampasa kutumia karatasi, mpaka siku ambayo kichwa chake kitakuwa kimejaa.

Na dini yetu haikutuacha bila mfano. Tuitazame Hijra. Mtume (S.A.W.) alikuwa na ahadi na himaya ya Mola wake, na lau safari ingekuwa ya kutegemea miujiza pekee, yeye ndiye aliyestahiki zaidi. Hata hivyo safari ile ilipangwa hatua kwa hatua. Sayyidna Ali alilala katika kitanda chake. Njia iliyoshikwa mwanzo ilikuwa ya kusini, kuelekea pango la Thaur, ilhali Madina iko kaskazini. Usiku tatu walikaa pangoni, yeye na Sayyidna Abubakar. Abdullahi bin Abubakar alileta habari za Maquraishi, Bibi Asmaa alishughulika na chakula, Amir bin Fuhaira alipitisha kondoo wake ili nyayo zifutike, na Abdullahi bin Uraiqit, ambaye hakuwa Mwislamu, aliajiriwa kwa ujuzi wake wa njia. Kila mtu na kazi yake, na kila kazi kwa wakati wake. Mipango ile haikupunguza tawakali. Ilikuwa ni sehemu ya tawakali.

Nia huandikwa ndani ya kanuni

Sote twajua kuwa amali hulipwa kwa nia, na wanafunzi wa madrasa hulihifadhi jambo hilo mapema. Basi swali la kwanza la mwenye kubuni mchezo si "utapendeza vipi?" bali "naukusudia nini kwa mwenye kuucheza?" Acheke? Afikiri? Ajifunze hesabu? Ajue majina ya samaki wa bahari yake? Jibu liandikwe kwa sentensi moja juu ya karatasi, kabla ya kitu kingine chochote.

Lakini twaongeza jambo ambalo wengi hulisahau. Nia ya mtungaji haimfikii mchezaji ikiwa imebaki moyoni. Humfikia kwa njia ya kanuni tu. Kuna kisa mashuhuri cha Marekani. Bibi mmoja aitwaye Elizabeth Magie alipata hataza ya mchezo wa ubaoni mwaka 1904, alioutunga ili kuwaonyesha watu dhuluma ya wachache kuhodhi ardhi na kuwakamua wengine kwa kodi. Mchezo ule ulizunguka mikononi mwa watu, ukabadilishwa huku na huku, hata mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ikaanza kuuza mchezo wa Monopoly uliotokana na huo. Je, mchezaji wa leo hufurahia nini? Hufurahia kuhodhi, na kuwafilisi wenzake mpaka wa mwisho. Kilichokusudiwa kuwa onyo kimekuwa burudani. Sisi watu wa Pwani, tunaojua uchungu wa mtu kulipa kodi ya ardhi aliyozaliwa juu yake, tuna haki ya kukitafakari kisa hiki. Mwanetu asiandike tu "mchezo wangu wafunza uadilifu." Aulizwe: katika kanuni zako, nani hushinda? Mwadilifu au mjanja? Akiwa mjanja ndiye ashindaye, mchezo wafunza ujanja, hata ukianza kwa bismillahi.

Na hapa hapana budi tulitaje suala la fiqhi, kwa kuwa ni bora lijulikane wakati wa kubuni kuliko baada ya kujenga. Kamari ni haramu kwa nassi ya Qur'ani, na haina mjadala. Siku hizi kamari imevaa nguo za watoto. Katika michezo mingi ya simu mtoto huuziwa kisanduku asichokijua kilichomo ndani, hulipa fedha halisi, kisha hubahatisha. Nchi ya Ubelgiji, ambayo si nchi ya Kiislamu, mwaka 1918 haikuyajua haya, lakini mwaka 2018 tume yake ya michezo ya kubahatisha ilitangaza kwamba visanduku vya namna hiyo katika baadhi ya michezo vinavunja sheria yao ya kamari. Basi kijana wetu asije akaiga alichokizoea kwa wengine akidhani ni pambo tu.

Ama mchezo usio na fedha, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wametuachia mizani. Imamu Nawawi ameeleza kuwa kauli sahihi ni kuharimishwa kwa nardi, mchezo wa dadu, na akaihesabu sataranji kuwa makuruhu. Maimamu hao walipokuja kuutaja mchezo wa kipande cha ubao chenye mashimo yatiwayo changarawe, ambao kwa sifa zake ni jamaa wa bao letu, walitoa kipimo: kinachotegemea kinachotolewa na dadu hufuata hukumu ya nardi, na kinachotegemea kufikiri hufuata hukumu ya sataranji. Tazameni wema wa kipimo hiki kwa mwenye kubuni. Chamsukuma kutunga mchezo ambao mtu hushinda kwa akili yake, na mchezo wa namna hiyo ndio unaodumu.

Bao lisilo na picha

Tukilitaja bao, tusilipite upesi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, katika safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi na kete 10 ubaoni: sita katika nyumba yake, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Kwanza watu hunamua mpaka kete za mkononi zimalizike, kisha huingia mtaji. Hamna picha, hamna sauti, hamna rangi. Lichimbwe mchangani na zitumike kokwa, bado litakuwa bao lile lile, na wazee watakaa juu yake tangu alasiri hata adhana ya magharibi. Kwa nini? Kwa sababu bao ni kanuni.

Hiki ndicho kipimo tunachompa kijana wetu. Autazame mchezo wake, auvue picha, auvue muziki, auvue majumba. Je, kilichobaki ni mchezo? Ule wa pili wa kwake, wenye jumba la fahari, ukivuliwa haubaki kitu. Alijenga ukuta akasahau kwamba nyumba ni ya kukaliwa.

Na wajuzi wa ulimwengu huu mpya wamepita njia hiyo hiyo. Mwaka 1984 mjini Moscow, Alexey Pajitnov alitunga mchezo wa Tetris kwa kompyuta ya Elektronika 60, ambayo haikuweza hata kuonyesha picha. Maumbo yake yaliundwa kwa alama za maandishi tu. Alianzia katika fumbo la kale la maumbo ya miraba mitano mitano, ambayo jumla yake ni 12. Akaona ni mengi na mazito kwa mchezo wa haraka, akayapunguza yawe ya miraba minne, yakabaki saba. Uamuzi ule wa kupunguza ndio ubuni wenyewe. Mashine ilikuwa dhaifu kuliko simu yoyote iliyomo katika mifuko yetu leo, na mchezo ule ungali unachezwa duniani kote. Huko Japani nako, Shigeru Miyamoto na wenzake wa Nintendo walipotengeneza Super Mario Bros., uliotoka mwaka 1985, walizichora njia za mchezo katika karatasi ya viraba, shimo kwa shimo na tofali kwa tofali, kisha michoro ndiyo iliyopelekwa kwa waandishi wa programu.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima.

Karatasi moja na maswali sita

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, ili mzazi asiyejua kompyuta aweze kuisimamia. Karatasi moja yatosha, na iwe na majibu ya maswali haya sita. Mchezaji ni nani ndani ya mchezo? Anataka kufika wapi au kupata nini? Kila zamu yake hufanya nini? Ni kitu gani kinachomzuia? Hushindwa vipi? Na mchezo huisha lini? Kijana asiyeweza kulijibu swali moja kati ya hayo bado hajafika kwenye kompyuta.

Tuchukue mfano. Kijana ataka mchezo wa nahodha. Nahodha yuko Lamu na jahazi lenye nafasi kumi za shehena, na ataka kwenda Unguja na kurudi na faida kubwa kuliko manahodha wenzake. Bandari ni tano: Lamu, Malindi, Mombasa, Tanga na Unguja. Zamu zihesabiwe kwa miongo, kama walivyohesabu wazee wetu wa bahari mwaka wao tangu Nairuzi, siku kumi kumi. Miongo 12 ya kaskazi hupeleka vyombo kusini, na miongo 12 ya kusi huvirudisha. Kila zamu nahodha huchagua: kusonga bandari moja au kukaa na kuuza. Boriti zina bei kubwa kila zinapokwenda mbali na Lamu, lakini kila jahazi linapouza bandarini, bei ya hapo hushuka. Atakayekawia hata pepo zikabadilika, na ambaye hatawahi kurudi Lamu kabla ya kusi kwisha, ameshindwa. Hamna dadu. Pepo zajulikana, bei zajulikana, na kilichobaki ni akili.

Maelezo hayo yamejaa nusu ya karatasi. Je, sasa kompyuta ifunguliwe? La, bado. Zichorwe bandari tano katika boksi lililokatwa, zichukuliwe kete za bao ziwe shehena, na waitwe dada na binamu wacheze.

Hapo ndipo elimu ilipo. Tuchukulie kwamba dada mdogo amekaa Lamu tangu mwanzo hata mwisho. Hakuuza, hakusafiri, hakukawia popote. Wenzake wawili wamenaswa na pepo, wameshindwa, naye amebaki peke yake, na kwa kanuni zilivyo ndiye mshindi! Kila mtu atacheka, na kijana ataona haya kidogo. Lakini amegundua kwamba katika mchezo wake kukaa hakugharimu kitu. Waswahili husema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Kanuni zake zimesema kinyume. Basi huandika kanuni mpya: kila mwongo jahazi likikaa bandarini, nahodha hutoa kete moja kuwa posho ya mabaharia. Wacheze tena. Sasa mkaa bure hufilisika, na mchezo umepata uhai.

Kosa lile limerekebishwa kwa kifutio, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Lau lingegunduliwa baada ya majuma sita ya kuandika programu, kurekebisha kungekuwa kubomoa. Na kijana wa miaka kumi na sita akitakiwa kubomoa kazi ya majuma sita, habomoi. Huifuta yote, kisha asema kompyuta ni mbovu. Twadhani ndiyo yaliyoufika mchezo wa tatu wa mwana wa mama huyu.

Muda, na adabu ya kupunguza

Ubuni pia ni kujua kiasi. Kijana hutaka mchezo wake wa kwanza uwe na miji mia, vita, magari na watu elfu. Aambiwe kwa upole kwamba mchezo wa kwanza uwe wa dakika tano. Aandike orodha mbili: yale ambayo bila ya hayo mchezo haupo, na yale ambayo ni mapambo. Orodha ya pili ifungwe mpaka ya kwanza imalizike.

Hata makampuni yenye mali yameadhibiwa kwa kupuuza muda wa kubuni. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ya Marekani ilitaka mchezo uliotokana na filamu mashuhuri ya E.T. uwe madukani kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka. Mtungaji wake, Howard Scott Warshaw, alikuwa fundi hodari ambaye mchezo wake wa awali ulisifiwa; lakini safari hii alipewa kiasi cha majuma matano tu kwa kazi yote. Wachezaji walijikuta wakitumbukia mashimoni tena na tena bila kujua sababu. Masanduku mengi ya mchezo ule hayakununuliwa, na mwaka 1983 shehena ya bidhaa za kampuni hiyo, mchezo huo ukiwa miongoni mwao, ilifukiwa katika jangwa la New Mexico. Ilifukuliwa mbele ya watu mwaka 2014. Fundi hakukosa ujuzi, na kampuni haikukosa fedha wala mashine. Kilichokosekana ni nafasi ya kujaribu, kukosea na kurekebisha kabla ya kuuza. Haraka haraka haina baraka.

Jawabu letu

Mama yetu mpendwa, jawabu letu ni hili. Jambo analolitaka mwanao si upuuzi. Ni ufundi, na ndani yake mna hesabu, uandishi, uchoraji na subira. Wala usikubali kompyuta iuzwe. Lakini fedha za karo zibaki kuwa za karo. Usimwambie "hapana" pekee, maana hiyo itamvunja, mwambie, "lete karatasi." Mpe majuma mawili. Alete karatasi moja yenye majibu sita na mchezo wa boksi ambao nyumba nzima imeucheza mara tatu na kuuelewa bila yeye kuueleza kila hatua. Akiuleta, aujenge kwa kompyuta hiyo hiyo kuukuu. Programu ya Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na watafiti wa MIT kule Marekani, hupatikana bure, huweza kupakuliwa ikatumika pasi na intaneti, na haihitaji mashine ya fahari. Mchezo wa bandari tano na kete kumi wajengeka humo. Siku atakapomaliza mmoja, mdogo, uliokamilika, ndipo suala la mashine lifunguliwe upya, na hapo mtazungumza na mtu aliyekwisha kufikisha chombo bandarini.

Na kuhusu baba yake, tuna neno. Usimtetee mwana mbele yake kwa maneno. Mtume kijana akamuulize baba: kaskazi huanza lini na hukoma lini? Ni wakati gani vyombo haviwezi kutoka? Sisi tulipoutoa mfano wa miongo 12 ya kusi tulikwenda kwa wepesi. Mtu wa bahari atamwambia mara moja kwamba katikati ya kusi, Juni na Julai, bahari huchafuka, na nahodha mwenye akili hufunga chombo. Kijana ataiandika: katika miongo sita ya katikati, hakuna safari. Kanuni hiyo moja itaubadili mchezo wote, kwa kuwa sasa nahodha hana budi kuamua mapema, arudi upesi na faida ndogo au angoje kusi ilegee. Na baba atakuwa ametia mkono wake ndani ya jambo aliloliita upuuzi. Kushauriana ni katika sifa ambazo Mwenyezi Mungu amewasifu kwazo waumini, na nyumba haikuepushwa na amri hiyo.

Wasia kwa nyumba zetu

Wazazi wenzetu, tusiwaogope wanetu wanapotaka kutunga. La kuogopwa ni kizazi kisichotunga kitu, ambacho michezo yake, hadithi zake na ndoto zake zote zimebuniwa na watu wasiowajua. Watu hao wana nia zao, na nia zao zimo ndani ya kanuni zao. Asiyejenga chombo chake huabiri cha mwenzake, na hushushwa pale mwenye chombo apendapo.

Lakini tusiwaache wajenge ovyo. Wazoeshwe kukaa chini na kalamu kabla ya kuinua nyundo, iwe ni mchezo, ni duka, ni safari au ni ndoa. Watie nia, waandike, washauriane, waswali istikhara katika makubwa, wajaribu katika dogo, wapunguze, kisha waazimie na kumtegemea Mola wao. Kijana aliyejifunza utaratibu huu kwa mchezo wa kete kumi atakuwa nao siku atakapokabidhiwa mali ya watu au uongozi wa msikiti. Mipango si matumizi, ni kweli. Lakini matumizi yasiyo na mipango tumeyaona yalivyozifilisi nyumba.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awafungulie wanetu milango ya elimu yenye manufaa, azitie mikono yao ufundi na nyoyo zao ikhlasi, na asiifanye michezo yao kuwa sababu ya kuisahau swala. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.